Sekunde Kumi na Moja

Saa nne asubuhi wanawake thelathini na wanane walikuwa wameshajipanga mistari miwili nyuma ya ukumbi mmoja wa maonyesho huko Hibiya, jijini Tokyo, kila mmoja na skafu ya rangi ya ngano shingoni. Baridi ya mwisho wa Februari ilikuwa inakata masikio. Hata hivyo hakuna aliyetia mikono mfukoni, kwa sababu Minobe Fusae, kiongozi wa mstari, alikuwa ameshapita mara mbili kuwakagua, na kwake yeye mikono mfukoni mbele ya mlango wa wasanii ilikuwa utovu wa adabu.

Masharti yalikuwa yake, aliyatunga mwenyewe na kuyasimamia miaka ishirini na miwili. Hakuna kupiga picha. Hakuna kuita jina. Hakuna kunyoosha mkono. Barua zote zinatiwa kwenye mfuko mmoja wa karatasi, na kiongozi ndiye anayemkabidhi msanii kwa mikono miwili. Msanii akitokea, mstari wa mbele unachuchumaa ili wa nyuma waone.

"Fuu-chan, mwenzangu, magoti yangu yana miaka sabini na moja," alisema Okitsu Sadayo, ambaye alikuwa mstarini tangu mwaka wa kwanza na ndiye peke yake aliyethubutu kumwita kiongozi kwa jina la utotoni. "Nikichuchumaa leo mtanitafutia winchi."

"Leo ni siku ya mwisho ya msimu, Okitsu-san. Jikaze."

"Kujikaza nimejikaza sana. Marehemu mume wangu sikuwahi kumchuchumalia hata dakika moja. Akifufuka akaniona hapa, anakufa tena."

Mstari mzima uliangua kicheko, kisha ukanyamaza haraka, maana Fusae aligeuka. Lakini naye alikuwa anatabasamu, kidogo tu, upande mmoja wa mdomo.

Aliyewaleta wote pale alikuwa Kuramochi Ryosei. Kwa miaka hiyo ishirini na miwili ndiye aliyekuwa Anselm katika "Mkate wa Majira ya Baridi", mchezo wa kuimba uliotungwa Ulaya na kutafsiriwa kwa Kijapani. Anselm ni mwoka mikate katika mji uliozingirwa na adui. Watu wote wamezima moto kuokoa kuni, yeye anakataa kuzima tanuri lake kwa kuwa mwanawe yuko vitani na akirudi lazima akute mkate wa moto. Sehemu ya pili ya mchezo inaishia kwa wimbo wa tanuri, na wimbo wa tanuri unaishia kwa neno moja, "rudi", analolivuta mpaka pumzi zinamwishia. Kundi la kigeni liliwahi kuja Tokyo na mchezo huohuo katika lugha yake ya asili, na Fusae alitoka wakati wa mapumziko. Kule, alieleza, neno la mwisho linafunga mdomo. Mtafsiri wa Kijapani alichagua neno linaloacha mdomo wazi, na mtu akiacha mdomo wazi ndipo unapomwona mpaka rohoni. Ukibisha atakueleza tena tangu mwanzo, kwa hiyo watu walikuwa hawabishi.

Asubuhi hiyo palikuwa na jambo lililowakalia wote kooni, na aliyelitema alikuwa Yajima Konoha, msichana wa miaka ishirini na sita, mgeni kuliko wote.

"Kiongozi, samahani. Kwenye mtandao wanasema mwakani Anselm ni Segawa Toma."

"Yule wa tangazo la shampuu?" Okitsu alidakia. "Huyo kitoto aliyezaliwa juzi atakuwa na mtoto wa kwenda vitani saa ngapi? Alimzaa akiwa chekechea?"

"Ni uvumi," alisema Fusae. "Wenye mchezo bado hawajatangaza. Na sisi tuna kazi. Leo kila mmoja ataandika karatasi ya maoni, pande zote mbili. Siyo 'nililia'. Siyo 'ilipendeza'. Andikeni mlichokiona na mlichokisikia, kama nilivyowafundisha. Wakijua kuwa tunamsikiliza hivi, hawawezi kumwondoa."

Aliamini hivyo kwa moyo wake wote.

Gari jeusi lilisimama. Mstari wa mbele ulichuchumaa, magoti yakalia. Kuramochi alishuka na kofia ya sufu, amekonda usoni, na wanawake thelathini na wanane wakasema kwa sauti moja, "Tunakutakia kazi njema." Fusae alisogea na mfuko, akainama, akaunyoosha mbele kwa mikono miwili. Mfuko ulipokelewa. Alipoinua macho aliona kuwa aliyeupokea ni Igarashi, meneja wake, na kwamba Kuramochi ameshapita. Hakumtazama mtu. Haikuwahi kutokea, hata siku ile aliyokuja na homa.

"Ni uchovu," Okitsu alimnong'oneza. "Siku ya mwisho kila mtu anachoka."

Fusae alisema ndiyo, ni uchovu, akaanza kuwagawia watu vibandiko vya kupashia mikono moto.

Kazi yake ya siku zote ilikuwa kusahihisha ratiba za treni kabla hazijachapwa. Alikaa mbele ya safu za tarakimu tangu asubuhi hadi jioni akitafuta dakika moja iliyokosewa, na aliipata. Baba yake alipofariki, Fusae alikuwa na miaka thelathini na minne. Alipanga mazishi kwa dakika, wageni wakamsifu, na chozi halikumtoka. Miezi miwili baadaye mfanyakazi mwenzake akampa tiketi ambayo hakuweza kuitumia. Fusae aliingia akiwa na mawazo ya ofisini, akakaa, na Anselm alipofika kwenye "rudi" kidole chake kikaanza chenyewe kugonga paja, sekunde moja, mbili, tatu, kama anavyogonga meza akipima vituo. Kilifika kumi na moja. Alipogonga ya kumi na moja uso wake ulikuwa umelowa mpaka shingoni.

Tangu siku hiyo aliutazama mchezo mara mia moja na themanini na saba, na mara zote aliandika.

Ukikaa kwenye kiti unakuta bahasha ya matangazo, na katikati yake karatasi ya maoni na kipande kifupi cha penseli. Watu wengi huitumia karatasi ile kukazia mguu wa meza unaoyumba nyumbani. Fusae aliijaza yote, kwa herufi ndogo zilizonyooka, akaandika jina lake kamili na namba ya kiti, kilekile alichokikata kila mara, akaitumbukiza kwenye sanduku la maoni mlangoni. Kuramochi aliwahi kusema kwenye mahojiano ya gazeti kuwa husoma kila karatasi, moja baada ya nyingine, kabla ya kulala. Fusae alilikata gazeti lile akalihifadhi. Kwa hiyo akimwandikia alimwandikia kama mke anavyomwandikia mume aliye safarini, bila kuficha kitu. *Leo "rudi" ilikuwa sekunde kumi. Leo tisa, lakini ulifumba macho, ikawa ndefu kuliko kumi. Leo wimbo umeshushwa nusu ngazi ya sauti. Umepata joto ambalo haukuwa nalo. Leo saba. Nahisi kifua kinakubana. Tafadhali kunywa tangawizi.*

Nani mwingine alimsikiliza hivyo? Mama yake mzazi mwenyewe hakumsikiliza hivyo. Fusae alijua hilo na lilimpa fahari ambayo hakuipata kwingine maishani, kwa hiyo tusimcheke.

Onyesho lilianza saa sita na nusu mchana. Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Wakati wa mapumziko, Fusae akiwa kwenye foleni ya choo, Igarashi alikuja akamwinamia.

"Minobe-san, naomba dakika tano."

Alimpeleka kwenye korido nyembamba nyuma ya duka la vitabu vya onyesho, penye maboksi matupu. Igarashi alikuwa mtu mzima mwenye mfuko mzito chini ya kila jicho. Alivutavuta kola.

"Nakuomba jambo," alisema mwishowe. "Jioni mstari uongozwe na mtu mwingine."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa masharti. Masharti unayajua kuliko mimi." Alishusha pumzi. "Tetesi za Segawa umezisikia. Ni kweli. Kesho watatangaza. Nakueleza wewe tu, na ningeomba isifike kwa wenzako leo."

Fusae aliegemea maboksi, yakasogea, akasimama wima tena. "Kwa nini? Ukumbi umejaa kila siku."

"Umejaa, ndiyo. Wenye mchezo walikuwa wamegawanyika, nusu wanamtaka, nusu wanasema sauti imekwisha. Wanaomtaka walisema sauti ni ileile, ni maneno ya watu tu. Basi ofisi ikaleta jedwali."

"Jedwali gani?"

Igarashi alitoa simu, akatafuta, akamgeuzia. Fusae alizoea kusoma safu za tarakimu kwa haraka, na hizi alizisoma kwa haraka zaidi. Tarehe. Sekunde. Kiwango cha wimbo. Tarehe. Sekunde. Kiwango cha wimbo. Kumi na moja, kumi na moja, kumi, kumi na moja, tisa. Miaka ishirini na miwili ilishuka kwenye kioo kama ngazi. Chini kabisa paliandikwa kwa herufi ndogo: *Chanzo: karatasi za maoni, mtazamaji wa safu ya saba, kiti cha ishirini na tatu.*

"Hapo mwanzo ulikuwa peke yako, wangeweza kusema ni mama mmoja mwenye mambo yake," Igarashi alisema kwa upole, na upole wake ndio uliouma. "Lakini msimu huu walikuwa kumi na wanne wanaoandika namna hiyohiyo, na sekunde zao zinalingana na zako. Mkurugenzi alisema hajawahi kuona ushahidi safi kiasi hiki."

Kumi na wanne. Aliwafundisha yeye, Jumapili, kwenye mgahawa wa kahawa karibu na stesheni, akiwaonyesha jinsi ya kugonga kidole bila kumsumbua wa jirani.

"Niliandika na mengine," Fusae alisema. "Siyo sekunde tu. Niliandika kuwa imepata joto. Kuwa saba ya mwaka huu ni kubwa kuliko kumi na moja ya mwaka ule. Niliandika hivyo, Igarashi-san, kila mara niliandika!"

"Najua, niliziona. Jedwali halikuwa na nafasi ya maneno."

"Lakini yeye anazisoma. Yeye anajua nilivyo..."

Igarashi alirudisha simu mfukoni, na Fusae akajua kabla hajajibiwa.

"Hakuwahi kuzisoma," alisema Igarashi. "Husemwa vile kwenye mahojiano. Zinakwenda ofisini, wanachapa, wanafungia. Mara ya kwanza kuziona ni juzi kwenye kikao, walipomwekea mezani. Alizisoma zote palepale, watu wanamsubiri. Kisha akauliza, huyu ni yule anayenipa barua?"

Kengele ya kuwaita watazamaji ililia. Igarashi aliinama tena, akaenda zake. Fusae alibaki na maboksi. Alitaka kulia na hakuweza, na alijichukia kwa kutaka, kwa sababu kilio hicho kilikuwa haki ya mtu mwingine.

Alirudi kitini. Okitsu alimsukumia tonge la wali lililofungwa kwa mwani. "Kula, umekuwa mweupe kama unga wa Anselm. Konoha ameshajaza upande mmoja wa karatasi, mtoto ana bidii yule. Anasema leo kwenye wimbo wa kwanza Kuramochi alikohoa mara mbili ndani kwa ndani."

"Mwambie asiandike."

"Nini?"

"Mwambie asiandike hilo, Okitsu-san. Mwambie aandike alilia."

"Haya, wewe tena! Asubuhi umetukaripia." Lakini taa zilizimwa.

Fusae alikaa na mikono yote miwili chini ya mapaja, ameikalia. Alikuwa ameamua. Leo atamsikiliza kama watu wengine wanavyosikiliza, kama mjinga, kama mtu aliyepewa tiketi na mwenzake wa ofisini. Theluji ya karatasi ilianguka jukwaani. Majirani wa Anselm waliingia mmoja mmoja kumsihi azime moto. Tanuri likawaka, okestra ikapanda, na Kuramochi akaja mbele kabisa, unga mikononi, akaimba ubeti wa mwisho vizuri, kwa sauti iliyochoka na kujaa, sauti ambayo Fusae aliipenda kuliko ile ya ujana na aliyokuwa ameiandika mara mia kuwa anaipenda.

Ikafika. Okestra ilipanda ngazi ya mwisho, kiongozi wake akainua mkono, na Kuramochi akageuza uso. Aligeukia safu ya saba. Alimtazama Fusae machoni, hapakuwa na shaka, kutoka jukwaani mpaka kwenye kiti cha ishirini na tatu.

"Rudi," alisema.

Hakuimba. Alisema tu, chini, kama mtu anayezungumza na mlango uliofungwa. Kisha akafumba mdomo. Kiongozi wa okestra aliganda mkono juu, wanamuziki wakamkodolea macho, na ukumbi mzima wa watu elfu na zaidi ukawa kimya. Theluji ya karatasi iliendelea kuanguka. Hakuna aliyekohoa. Kimya kikaendelea na kuendelea, mpaka Kuramochi mwenyewe alipoteremsha kichwa, na hapo ukumbi ukalipuka.

Watu walisimama. Wengine walipiga kelele, jambo ambalo halifanyiki pale. Okitsu alikuwa analia kwa sauti, skafu mdomoni. "Umeona? Umeona, Fuu-chan? Miaka ishirini na miwili hajawahi kufanya vile! Sasa wamwondoe kama wanaweza! Wakamlete huyo mtoto wa shampuu afanye hivi!" Konoha alikuwa amepiga magoti kati ya viti. Kumi na wanne wote, popote walipokuwa wamekaa, walikuwa wanalia, na penseli zao zilikuwa sakafuni.

Fusae alisimama na kupiga makofi pamoja nao. Yeye peke yake alielewa alichokiona. Walikiita sanaa, na labda ilikuwa sanaa. Lakini yule mtu alikuwa amechukua kitu ambacho yeye alikipima maisha yake yote, akakificha, ili asibakie na cha kupima. Alistahili hilo. Hakubishana nalo hata moyoni.

Saa kumi na nusu mstari ulijipanga tena, jua likiwa bado linagusa ghorofa za juu. Fusae alimpa Okitsu mfuko wa barua.

"Leo shika wewe."

"Mimi? Siku ya mwisho? Unaumwa?"

"Nimechoka kidogo. Shika, tafadhali."

Yeye alienda kusimama mwisho kabisa, mstari wa nyuma, kwenye nafasi ya Konoha, akamwambia Konoha asogee mbele. Msichana alishukuru mpaka akakosa maneno.

Kuramochi alitoka bila kofia. Mstari wa mbele ulichuchumaa. "Pole na kazi," walisema kwa pamoja, sauti nyingi zimekauka kwa kulia. Safari hii alipokea mfuko mwenyewe, kutoka kwa Okitsu, akatazama kila uso, akashukuru kila mmoja. Alikuwa mchangamfu na mpole. Alipofika kwenye gari Igarashi alimfungulia mlango, lakini hakuingia. Alizunguka nyuma ya mstari, akaja mpaka mwisho, akasimama mbele ya Fusae. Wanawake waligeuza shingo.

"Minobe-san," alisema.

Hakuwahi kumwita jina. Hakuwahi kumwita mtu yeyote jina. Mstari ulivuta pumzi.

"Leo ilikuwa sekunde ngapi?"

Aliuliza kwa tabasamu, kama mtu anayetaniana na rafiki wa zamani, na wale wasiojua walitabasamu pia. Fusae alifungua mdomo kuomba radhi. Maneno alikuwa nayo, aliyapanga tangu pale kwenye maboksi: nisamehe, nilidhani unazisoma, sikujua. Lakini alikuwa mtu wa kujibu swali aliloulizwa, hasa swali la tarakimu, na jibu lilikuwepo tayari, lilikuwa limekaa pale tangu muda ule kidole chake kilipogonga chini ya paja bila yeye kukiruhusu.

"Neno lenyewe halikufika sekunde moja," alisema. "Kimya kilikuwa kumi na moja."

Tabasamu la Kuramochi lilibaki mahali pake kwa muda, halafu likaondoka. Alimtazama kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta hata misumari ukutani imeng'olewa.

"Hata hicho," alisema taratibu.

Akainama, akaingia garini. Mstari ulichuchumaa na kubaki umechuchumaa mpaka gari lilipokata kona, kama masharti yanavyotaka, kisha magoti yakaanza kulia na watu wakaanza kuinuana kwa vicheko na machozi.

Okitsu alimfikia wa kwanza, akamkumbatia kwa nguvu. "Amekutaja jina! Mbele ya watu wote! Mwenzangu, mimi ningeanguka palepale. Kumi na moja, umesema? Kama siku ya kwanza?"

"Kama siku ya kwanza," alisema Fusae.

"Basi waandikie! Waandikie wajue!" Okitsu alikuwa ameshafungua mkoba wa Fusae mwenyewe na kutoa karatasi ya maoni, haijaguswa, na kile kipande cha penseli. "Sanduku bado liko wazi pale mlangoni. Andika, Fuu-chan, sisi tunakusubiri."

Wote walikuwa wanamtazama, pua nyekundu kwa baridi, wamefurahi. Fusae aliishika penseli.